Daftari la Kijiji ni la Nani?

Naomba niseme neno ambalo najua halitawapendeza wote. Wengine watasema, Mwalimu huyu amechoka na chaki, sasa ataka siasa. Na waseme. Mimi nasema juu ya kitu kidogo sana, kitu cha karatasi chenye jalada gumu, kiwekwacho ndani ya kabati lenye kufuli katika ofisi ya kijiji: daftari la mapato na matumizi. Nauliza, ni la nani?

Swali hili lilinijia mwaka jana kwa sababu ya ukuta. Kila kaya katika kijiji chetu ilitoa shilingi 10,000, na wasio na fedha walitoa siku zao, wakabeba mawe na mchanga kutoka mtoni. Halmashauri ya wilaya nayo, hivyo tuliambiwa mkutanoni, ilileta fedha za saruji na bati. Vyumba viwili vya darasa vilipanda mpaka juu ya madirisha, kisha vikasimama. Masika yakaja, yakaondoka, na majani yameota ndani ya chumba ambamo watoto wa darasa la tatu walipaswa kukaa. Watoto hao ni 90, nami nafundisha wote katika chumba kimoja. Nikisahihisha madaftari ya walio nyuma, walio mbele wamekwisha kuanza kupigana.

Basi nikaenda ofisini. Sikwenda kwa hasira, wala sikwenda na kundi la watu. Nilisalimu, nikakaribishwa kiti, nikasema naomba kuona daftari la mchango wa madarasa, nijue zilizoingia ni ngapi, na zilizotoka zimetoka kwa stakabadhi zipi. Bwana yule akanitazama kana kwamba nimeomba kuona chini ya kitanda chake. Akasema, "Mwalimu, hizo ni nyaraka za serikali." Nikamjibu kwamba ndiyo sababu nimekuja kwa serikali, sikwenda kwa jirani. Akasema, "Ni siri." Nikamwuliza, siri ya nani asiyepaswa kujua, maana waliotoa fedha ni sisi? Akasema nilete barua. Nikaleta barua. Miezi miwili ikapita bila jibu, na niliporudi nikaambiwa barua haionekani. Sikuwa na nakala yake. Hilo lilikuwa kosa langu, nami nitalitaja tena hapo mbele ili wengine wasilirudie.

Sitaji kijiji wala mtu, kwa maana si shauri la mtu mmoja. Wasomaji wengi wa gazeti hili wamesimama mbele ya dirisha la namna hiyo na kusikia maneno hayo hayo mawili: nyaraka za serikali, siri. Maneno haya yana nguvu kwa sababu hatuyachunguzi. Na tuyachunguze.

Nyaraka za serikali, ndiyo. Lakini serikali ya kijiji ni nini? Kwa sheria ya mwaka 1982 iliyoweka mamlaka za wilaya, mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkaaji aliyetimiza miaka 18. Halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe wasiopungua 15 wala kuzidi 25, huchaguliwa nao. Mkutano huo hukutana kila miezi mitatu, na hapo ndipo taarifa ya mapato na matumizi huletwa mbele ya watu. Mtendaji ni mwandishi na mtunzaji wa daftari. Mtunzaji wa ghala si mwenye mahindi. Katika mambo ya ardhi neno ni wazi zaidi, kwa kuwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yaiagiza halmashauri ya kijiji itoe habari ya usimamizi wa ardhi katika kila mkutano wa kawaida, na isigawe ardhi pasipo kibali cha mkutano. Ikiwa yapasa watu wapewe habari ya shamba la kijiji, itakuwaje wasipewe habari ya mifuko ya saruji?

Juu ya siri nayo, hatuko gizani. Katiba yetu ya mwaka 1977, katika ibara ya 18, yampa kila mtu haki ya kupewa taarifa juu ya mambo yaliyo muhimu kwa maisha na shughuli za wananchi. Tena Bunge lilitunga Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Namba 6 ya mwaka 2016, itumikayo Tanzania Bara. Kwa sheria hiyo raia huomba kwa maandishi, na ofisi iliyoombwa imepewa siku zisizozidi 30 kumjibu. Ikikataa, itaje sababu. Aliyekataliwa ana siku 30 za kumwomba mkubwa wa ofisi alitazame shauri tena. Kwa hiyo asemaye "ni siri" na kufunga dirisha hakumaliza kazi yake. Amepaswa kuandika: ni siri kwa sababu hii, na kwa kifungu hiki. Mimi sijapata kuona mtu akiandika hivyo juu ya mchango wa madarasa, na sidhani nitamwona, maana kifungu hicho hakuna.

Hapo watasimama wenzetu wa namna ya pili, nao si wa ofisini, bali ni wa mabenchi ya kanisani. Hawa husema kwamba Mkristo hutii mamlaka, naye adaiye daftari ni mtu wa fitina. Neno hili limenichoma kwa sababu alinitupia mzee ninayemheshimu sana. Nikamjibu kwa adabu, Baba, kila Jumapili husimami wewe mwenyewe mbele ya madhabahu ukatutangazia sadaka ya Jumapili iliyopita, shilingi ngapi, mayai mangapi, kuku wangapi walionadiwa na bei waliyofika? Je, unapotutangazia twakuona mwizi? Akacheka, akasema hapana, ni desturi. Nikasema, nani aliyeiweka desturi hiyo, na kwa nini? Akanyamaza kidogo, kisha akanisimulia habari ya mwaka mmoja zamani ambao sadaka haikutangazwa, na mambo yaliyofuata. Sitayaandika. Lakini ikiwa twaona vema yai moja lililotolewa kwa Mungu litangazwe kwa sauti, mbona twaona aibu kuuliza habari ya bati 120?

Tena na nimkumbushe mzee wangu kwamba mtu mmojawapo wa kwanza walioipigania haki hii duniani alikuwa mchungaji. Jina lake Anders Chydenius, Mlutheri wa Finland, wakati nchi ile ilipokuwa chini ya mfalme wa Sweden. Alikwenda katika baraza la nchi kule Stockholm mwaka 1765, mtu wa usharika wa shamba, akashindana na wakubwa mpaka mwaka 1766 ikatungwa sheria ya kuwaruhusu watu kusoma na kuchapa nyaraka za serikali. Ilikuwa miaka 250 kamili kabla ya sheria yetu. Naye malipo yake yalikuwa kufukuzwa katika baraza lile mwaka ule ule, kwa kuwa aliandika kinyume cha shauri la fedha la wenziwe. Sidhani kuna mtu leo amwitaye mchungaji yule mfitini.

Wa tatu ni wale wasemao: hata mkipewa daftari, wanakijiji hawajui hesabu, mtawavuruga tu. Neno hili husemwa na watu waliosoma, nami naona haya kwa ajili yao. Na wasikie habari ya Rajasthan, jimbo la Bara Hindi lenye jua kali na mvua chache. Huko vijijini, wakati wa njaa na ukame, serikali huwapa watu kazi za mishahara, kuchimba mabwawa na kutengeneza njia. Watu walipunjwa ujira wao. Wakiuliza, huambiwa kwamba kazi yao haikufika kipimo, ndivyo lilivyoandikwa daftari. Wakiomba kuliona daftari, huambiwa ni siri. Mwaliona? Lugha ni nyingine, dirisha ni lile lile.

Mwaka 1990 wakulima na vibarua wa huko walifanya chama chao, Mazdoor Kisan Shakti Sangathan, nacho kilianzia kijiji kiitwacho Devdungri. Walipopata nakala za madaftari, hawakuzipeleka kwa wanasheria. Tangu mwaka 1994 walikusanya watu mahali pa wazi wakayasoma yale majina mbele yao, jina moja moja, na siku alizolipwa. Hapo ndipo wasiojua kusoma walipokuwa walimu. Mmoja asema, huyu mliyemsoma alikufa. Mwingine asema, huyu alihama kijiji zamani. Mwingine asema, mimi ndiye huyo, sikupata kufanya kazi hiyo wala kupokea senti. Yakasomwa majengo yaliyoandikwa kuwa yamekwisha, na wote waliyaona kwa macho yao hayana paa. Ni nani basi ajuaye hesabu kuliko mtu anayeishi mbele ya jengo lisilo na paa? Mwaka 1996 watu hao walikaa katika mji wa Beawar siku 40 wakidai haki ya kuona na kunakili nyaraka, na neno lao lilikuwa, fedha ni zetu, na hesabu ni yetu. Mwaka 2005 Bara Hindi nzima ikapata sheria. Ilianza kwa vibarua wa mabwawa.

Nitoe na mfano wa karibu, hasa kwa walimu wenzangu. Nchini Uganda serikali ilikuwa ikitoa fedha kwa kila mtoto wa shule ya msingi, nazo zilipitia ofisi za wilaya. Wachunguzi walipokwenda mashuleni wenyewe na kuuliza ni kiasi gani kilichofika, waliona kwamba kati ya mwaka 1991 na 1995 katika kila shilingi 100 zilizotolewa, ni 13 tu zilizoifikia shule, kwa wastani. Shule nyingi hazikupata kitu, na walimu wakuu hawakujua hata kwamba wana haki ya kitu. Baadaye serikali ikaanza kuchapa katika magazeti kiasi kilichopelekwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika mlangoni kiasi zilichopokea. Ilipofika mwaka 2001, zilizofika zilizidi 80 katika 100. Wako wataalamu wasemao kwamba gazeti peke yake halikuleta geuko lote, kwani serikali ilifanya na matengenezo mengine wakati ule. Nakubali. Lakini sijamsikia hata mmoja asemaye kwamba shule zilipata zaidi zilipokuwa hazijui.

Sasa nafika mahali ambapo ningependa kupita mbio, lakini haitakuwa haki.

Mimi mwenyewe ni mwandishi wa kamati ya uji wa shule yetu. Wazazi huleta mahindi, sukari na kuni, au fedha badala yake, nami huandika. Kabla ya jambo la ukuta, mama mmoja mjane, mwenye watoto wawili shuleni, alikuja akasimama mlangoni mwa darasa. Nikampa shikamoo, akaitika, akasema kwamba mwanawe amerudishwa nyumbani kwa kuwa hakutoa debe lake la mahindi, naye ana hakika alilitoa. Akaniomba nimfunulie daftari aone. Nikamwambia, "Mama, nenda nyumbani, mambo haya ni ya kamati." Nilikuwa na kazi nyingi siku ile. Jua lilikuwa kali. Zote ni kweli, wala hakuna hata moja iliyo sababu. Akaenda. Na kesho yake mtoto alikuja na debe la mahindi, la pili, akalitua chini bila neno.

Niliposimama mbele ya dirisha la ofisi na kuambiwa "Mwalimu, hizo ni nyaraka za serikali", nilimkumbuka mama yule, na masikio yakawaka moto. Kwa kuwa nilitambua sauti ile. Sikuwa nimeiba mahindi. Pengine na bwana yule wa ofisini hakuiba saruji. Lakini mimi nilikataa kufunua daftari kwa sababu lilikuwa limeandikwa vibaya, kurasa zimechanganyika, na niliogopa kuonekana mzembe. Wengi wetu twadhani nyuma ya kila kabati lililofungwa pana mwizi. Mimi nasema mara nyingi nyuma yake pana mtu aliyeandika "bati" pasipo kuandika ngapi, naye aona haya. Ila mwizi hufurahi sana kukuta desturi hiyo, maana haya ya mzembe ndiyo kichaka chake. Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wazee, na daftari lisilofunuliwa ni sawa na kutokuwa na daftari.

Kwa hiyo mtendaji mwaminifu asituone adui. Atakapokuja mkaguzi, au atakapoingia mwenyekiti mpya baada ya uchaguzi, ni nani atakayemshuhudia kwamba fedha zilikwenda mahali pake? Watu mia waliolisoma daftari ni ngome kubwa kuliko kufuli.

Sisemi kwamba kila karatasi ibandikwe ukutani. Habari ya ugonjwa wa mtu ni yake na mganga wake. Mtoto aliyetendewa ubaya, jina lake lisitembee kijijini. Shauri lililo mikononi mwa polisi liachwe lichunguzwe. Bei walizotaja mafundi katika bahasha zisifunguliwe kabla ya siku yake. Sheria imeyatenga mambo ya namna hiyo, na ni vema. Ninachokataa ni ule ujanja wa kuitumia siri ya mgonjwa kufunika hesabu ya misumari.

Tena sheria yetu yenyewe si kamili. Jirani zetu wa Kenya walipata haki hii katika ibara ya 35 ya Katiba yao ya mwaka 2010, na mwaka 2016 wakatunga sheria yake, kama sisi. Kwao ofisi ina siku 21 za kujibu, na saa 48 ikiwa jambo lagusa uhai au uhuru wa mtu. Barua yaweza kuandikwa kwa Kiswahili. Kuomba hakulipiwi, ila gharama ya nakala. Tena sheria yao yasema kwamba haki ya mwombaji haiguswi na sababu aliyo nayo ya kuomba, wala na yale ambayo ofisi yadhani kuwa ndiyo sababu yake. Hilo nimelipenda kuliko yote, maana mimi niliulizwa mara tatu ni nani aliyenituma. Na akataliwaye huenda kwenye tume iliyo kando na ofisi iliyomkataa. Kwetu sisi hupanda kwa mkubwa wa ofisi ile ile, kisha kwa Waziri. Ni vigumu kumshitakia chui kwa mjomba wake. Wabunge wetu wakija kuomba kura, tuwaulize jambo hili, wasituambie habari za fulana na kofia tu.

Lakini hata sheria hii tuliyo nayo hatujaitumia, nasi tusiilaumu panga kabla ya kulinoa. Nimejifunza kwa hasara, basi nanyi jifunzeni bure. Usiandike "naomba taarifa zote za kijiji". Barua ya namna hiyo humtisha mwaminifu na kumpa mvivu udhuru. Andika kitu kimoja: daftari la mchango wa madarasa, tangu mwezi huu mpaka mwezi huu, pamoja na stakabadhi za saruji na bati. Taja jina lako na mahali unapokaa. Andika nakala mbili, na ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe, uende nayo nyumbani ukaiweke ndani ya kitabu ambacho panya hawakifikii. Tangu tarehe hiyo hesabu siku. Ukijibiwa kwa mdomo, omba jibu kwa maandishi. Usitukane, usipige meza. Na asiyejua kuandika asibaki nyuma: walimu tupo, na barua ya namna hii tusiwatoze watu hata senti. Naona haya kusema kwamba wapo wenzangu watozao.

Mkutano wa miezi mitatu nao tuuendee. Wengi hulalamika kwamba taarifa husomwa mbio mbio jua likizama, watu wakiwaza mbuzi wao. Ni kweli. Basi mtu mmoja anyoshe mkono, aombe isomwe polepole, na ikiisha ibandikwe ubaoni mpaka mkutano ufuatao. Ombi hilo na liandikwe katika muhtasari, lisiishie hewani.

Nimeandika barua ya pili juu ya ukuta wetu, nayo ina muhuri. Siku ninapoandika haya ni siku ya 19. Daftari la uji nalo limetoka katika kabati langu, limening'inizwa kwa kamba katika msumari karibu na mlango wa jiko, na mzazi yeyote hulifunua. Nilikwenda kwa mama yule nyumbani kwake kumwomba radhi na kumwambia aje alitazame. Alikuja na mwanawe mkubwa amsomee. Wakapekua kurasa kwa muda mrefu, mimi nimesimama. Wakaliona debe lake la kwanza: limeandikwa, kwa mkono wangu, katika mstari wa mtu mwingine mwenye jina linalofanana na lake. Debe la pili tumemrudishia.